Daktari Niliyemnyonyesha

Mamba, Upare
11 Februari 1951

Kwa mume wangu Tumainieli,

Usijifanye umeona haya. Mjukuu wa kiume ni mume, nimekuita hivyo tangu ulipokuwa unatambaa, na Honorata anaandika kama ninavyosema. Nimemkataza kunipambia maneno. Akinipamba nitajua, maana namwambia anisomee tena.

Sisi huku ni wazima, ila baridi inasaga mifupa. Migomba imepona. Zamu yetu ya maji ya ndiva, bwawa letu la mfereji, imerudi mikononi mwetu baada ya mimi kumtukana jirani yetu Simeoni mbele ya mkwewe. Alistahili.

Barua yako imefika. Mwalimu Hezroni aliitoa Same, na mkewe huyu Honorata akanisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani amekosea. Unataka kuwa daktari! Wewe uliyesoma habari za wafalme waliokufa! Nilikuuliza unawafundisha nini watoto wa watu huko Tanga, ukasema historia. Nikauliza historia inaponya nini, ukanicheka mpaka ukamwaga chai. Leo zamu yangu ya kucheka.

Nimecheka, sasa basi. Unasema umeandika maombi kwenye chuo cha udaktari kule Uganda kwa sababu ya mama yako. Basi sikia vizuri, maana nimekusimulia nusu nusu. Eliwaza mwanangu alikufa siku uliyozaliwa. Damu haikukatika, na aliyejua kuikata alikuwa mbali huko bondeni. Baba yako alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na hakurudi hata kuuliza umepewa jina gani. Ukawa unalia. Mbuzi mwenye maziwa hakuwepo. Nikakuweka kwenye titi langu.

Lilikuwa limekauka. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa anachunga tayari. Wanawake wa hapa walinizomea, wakasema Ruthi ananyonyesha gome la mti. Nikanywa uji wa ulezi mpaka tumbo likawa ngoma, nawe ukavuta, ukalia, ukavuta tena. Kwanza ilitoka damu. Maziwa yalikuja nyuma. Ni hili la kushoto, la kulia ulilikataa, tangu zamani una mambo yako.

Kwa hiyo kasome udaktari, na hao wa Uganda wasikuchezee. Ila fanya upesi. Nina kitu cha kumwonyesha daktari, na si cha kuandikwa.

Hapa Honorata ameinua macho. Teremsha macho, mwanangu, andika. Mwandishi wa barua huku kwetu ni kama mkunga, alichokiona hakitoki nje ya nyumba. Ameniapia hivyo, na ndiyo maana watu wa mlima mzima wanamletea maneno yao.

Mimi bibi yako,
Ruthi

Hicho cheusi ni kidole changu gumba. Masizi ni ya chungu cha makande.


Tanga
4 Machi 1951

Koko wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Simeoni bado anakuogopa.

Chuo cha Uganda kimejibu. Wamenitaka nisome sayansi, na nimekwisha kuanza. Wiki hii tumesoma habari za moyo. Una vyumba vinne, Koko, na milango ambayo ikijifunga haikubali damu irudi ilikotoka. Nimeuchora mara nyingi mpaka nauona nikifumba macho.

Uliyoniandikia juu ya titi la kushoto nimeyasoma nikiwa nimesimama barazani, nikashindwa kuingia darasani mpaka uso ukauke. Hicho kitu unachotaka kumwonyesha daktari ni nini? Kama ni jino, mwambie mtu akupeleke hospitali ya misheni bondeni, usisubiri.

Nisalimie Mwalimu Hezroni na wote.

Mjukuu wako, na mume wako,
Tumainieli


Tanga
4 Machi 1951

Kwa Dada Honorata,

Nimeifunga hii ndani ya karatasi yake peke yake kwa sababu ni yako tu. Tafadhali usimsomee Koko.

Wamenikataa. Wamejibu kwa adabu kwamba alama zangu za historia, Kiingereza na maandiko ni nzuri sana, lakini mtu asiyejua kemia, fizikia wala elimu ya viumbe hawawezi kumfundisha udaktari. Wanasema naweza kuomba tena mwakani nikiwa na masomo hayo, na kwamba umri wangu haunisubiri.

Nilimwendea mkuu wa shule yetu nikamwomba niyasome hapa hapa. Ameniruhusu kukaa nyuma darasani pamoja na wavulana. Asubuhi nawafundisha historia, mchana nakaa nao benchi moja. Juzi mmoja ameniuliza, "Mwalimu, na wewe ukikosa utachapwa?" Wote wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikakosa. Wao wanameza kemia kama ugali, mimi inanikwama kooni. Nina miaka ishirini na sita.

Katika barua ya Koko kila neno ni kweli. Nimeanza sayansi, na chuo ndicho kilichotaka. Najua atakavyolisikia. Nimeandika nikijua. Niache nilipite hili kwanza, nipate nafasi kweli, halafu nitamwambia yote siku moja tukicheka. Wewe umeapa kutunza maneno ya kila mtu. Nitunzie na haya.

Ndugu yako,
Tumainieli


Mamba
17 Juni 1951

Kwa Daktari,

Ndiyo, nimesema Daktari, na Honorata nimemwambia aanze kwa herufi kubwa. Amechelewa kuishika kalamu. Sijui siku hizi ana nini, kila nikitaja udaktari wako anakohoa.

Habari zako zimefika mpaka sokoni Myamba. Nilikuwa nauza maharage, nikamwambia mama mmoja tu, tena kwa sauti ya kawaida. Sauti yangu unaijua. Wakapiga vigelegele! Kanisani wamekuombea, jina lako likatajwa kabla ya la Mfalme. Nimewaambia kwamba moyo una vyumba vinne. Simeoni akabisha. Nikamwambia wa kwako ni chumba kimoja, nacho umekijaza maji ya ndiva ya watu.

Sasa wanakungoja. Melkizedeki mwenye rovu shingoni anasema utaanza na yeye. Nimemwambia akae nyuma yangu. Kuna mama ana mtoto wa kifafa. Lydia haoni jicho moja. Nimewaambia wote kwamba mwaka bado haujaisha, awe na subira anayetaka mkono wa mtoto wa nyumbani.

Alipita hapa muuguzi wa Kizungu wa misheni, mtu mwema, anakula makande yetu bila kununa. Akatuuliza wanawake, nani ana maumivu, nani ana uvimbe, twende naye hospitali. Wengine walikwenda. Akanitazama mimi. Nikamwambia, mama, mimi ninaye wangu anasomea.

Usinigombeze. Kule daktari ni mwanamume, kijana mwenye ndevu nyekundu, na wanakuvua mpaka kiunoni. Tangu babu yako alipokufa hakuna mwanamume aliyekiona kifua changu isipokuwa wewe, na wewe ulikuwa huna meno. Wewe utatazama, sitaona aibu. Kilicho hapo ni chako, ulikifanyia kazi.

Maumivu si makubwa. Naweka majani na kufunga kitambaa. Kuna kitu kama kokwa, kigumu, hakisogei. Kinakungoja, kama sisi sote.

Honorata ameacha kuandika. Anasema kalamu imekauka. Kalamu haijakauka, nimeiona.

Soma mume wangu. Usiruke somo hata moja.

Bibi yako,
Ruthi

Kidole ni hicho. Leo ni masizi ya sufuria, chungu kimepasuka.


Mamba
2 Septemba 1951

Kaka Tumainieli,

Salaam. Hii naandika mwenyewe, hakuna aliyenituma. Mume wangu amenikuta na karatasi akauliza barua ni ya nani. Nimemwambia ni yangu, akashangaa, maana sijawahi kuandika ya kwangu.

Ile barua ya Juni ulipaswa kuielewa. Nilingoja uielewe. Ulijibu kwamba ni jipu, alimwagie maji ya moto yenye chumvi. Nilimsomea, akafanya hivyo, akalia kwa maumivu na kusema, "Daktari wangu ameniandikia dawa." Siku hiyo nilikaa shambani mpaka jua likazama, sikuweza kurudi nyumbani kwake.

Si jipu. Jumapili iliyopita nilikwenda kumfulia, nikakuta vitambaa amevificha chini ya kitanda, vina usaha na damu, na harufu yake sitaisema. Alinikuta nimevishika. Akanifungulia kanga, akanionyesha. Titi la kushoto limekazana kama jiwe, ngozi imejikunja, na upande wa chini kuna kidonda kilichofunguka. Kwapani kuna vingine vidogo. Mkono wake umevimba, kwa hiyo halimi tena. Watu wamedhani ni uzee.

Nilimpigia magoti aende hospitali. Akasema, "Likizo ya Desemba atakuja. Nimekwisha kungoja sana, siwezi kumwaibisha mtoto nikampa mtu mwingine kazi yake." Akaniapisha nisikuandikie, usije ukaacha masomo kwa ajili yake.

Kwa hiyo ninazo siri mbili kwenye mfuko mmoja, yako na yake, na kila moja inamuua mwenzake. Ningemwambia kuwa wewe si daktari, angekwenda bondeni. Ningekuambia wewe kuwa si jipu, ungekuja. Mimi nikanyamaza pande zote mbili, nikajiita mwaminifu. Leo nimevunja. Wakija kuniambia sifai tena kuandikia watu barua, watakuwa wamesema kweli, na sitajali.

Njoo. Usije na dawa wala vitabu. Njoo umwambie.

Honorata


Tanga
28 Oktoba 1951

Koko wangu,

Shikamoo.

Nimefika salama. Sikupata usingizi kwenye treni. Tangu nimerudi nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Najua Honorata anakusomea, na Hezroni yuko mlangoni, na nimechoka kuficha, basi wasikie.

Niliposhuka Makanya nilipanda mlima kwa miguu nikiwa na maneno yangu nimeyapanga. Nilisema nitakaa chini, nitakushika mkono, nitaanza taratibu. Sikujua nitakuta watu wamejaa uani. Sikujua Melkizedeki atakuwa amevaa shati jeupe. Lydia alinipokea mfuko akaubeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akidhani una vyombo vya kazi. Ulikuwa na shati na kitabu.

Wewe ukawafukuza wote, ukafunga mlango, ukaketi kwenye kigoda chako, ukafungua kanga. Ukasema, "Haya, daktari."

Koko, naweza kutaja kila mfalme wa Uingereza tangu wa kwanza. Sikujua hata nianzie wapi kukigusa. Nikapiga magoti, nikaweka paji la uso kwenye goti lako, nikasema mimi si daktari, walinikataa, nakaa darasani na watoto. Nilingoja unipige. Ulifunga kanga yako taratibu, ukaniuliza kama nimekula.

Siku ya pili pembe ikapigwa, na watu wakaja kama wanavyokuja kuchimba mfereji, wakakubeba kwa machela mpaka bondeni. Simeoni alibeba bega la mbele njia nzima, hakukubali kupokewa. Yule daktari mwenye ndevu nyekundu alikutazama kwa upole, nawe ukatazama ukutani. Kisha alinitoa nje. Aliniambia kwamba mwanzoni mwa mwaka, lilipokuwa kokwa, angeweza kukata. Sasa limekwenda ndani. Aliniuliza kwa nini tulichelewa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, Koko. Swali hilo sikukutafsiria.

Nimemwambia mkuu wa shule kwamba naacha sayansi. Maombi ya pili yanatakiwa kabla ya mwaka kwisha, na sitayapeleka. Kitabu nilikiacha kwako makusudi. Nilitaka kuwa daktari kwa sababu ya mama yangu aliyekufa kwa kukosa daktari, na wewe unakufa kwa sababu ulidhani unaye.

Sema neno lolote. Hata la kunilaani.

Tumainieli


Mamba
18 Novemba 1951

Mume wangu,

Umeomba nikulaani. Sina pumzi ya kupoteza, ngoja tufanye kazi.

Naandikiwa nimelala. Honorata amekaa kitandani kwangu. Kuna watu walisema wasimpe tena barua zao. Nikawaita hapa mmoja mmoja, nikawaambia kwamba kama mwanamke huyu angevunja kiapo mapema ningekuwa natembea. Sasa wamerudi, na akili yao imeongezeka kidogo, si sana.

Kwanza, ndiyo, nilikasirika. Siku ile uliposema wewe si daktari, nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nikakuuliza kama umekula kwa sababu ndilo neno pekee lililokuwa karibu. Ukalala, mimi nikakaa nakutazama. Nikajiuliza, hivi huyu mtoto alidhani nitamfanya nini? Ningekuzomea? Mimi niliyezomewa kwa ajili yako? Walipokukataa ungekuja ukalia hapa, ningekupikia, ningewatukana hao wa Uganda ukoo mzima, halafu tungepanga. Titi hili halikukudai cheti, Tumainieli. Lilitoa damu kwanza, maziwa baadaye, na wewe hukuacha kuvuta. Ndivyo ninavyokujua. Huyo aliyeona haya kukosa mara moja simjui, wala sikumlea.

Pili, usijibebee peke yako. Mimi nilikuwa na miguu. Muuguzi alisimama mlangoni kwangu akanitazama machoni. Nilimwonea haya mgeni mwenye ndevu, na mkono wake ulikuwa laini kuliko nilivyodhani. Alinigusa kama mtu anayegusa yai. Hilo nalo liandike, Honorata, usiruke.

Tatu. Wanawake wamekuja kuniona, wale wa kanisani na wale wa sokoni Myamba. Walileta ndizi, wakaanza kuimba zile nyimbo za kunizika. Nikawanyamazisha. Nikafungua kanga, nikawaambia, tazameni. Mmoja akatoka nje kutapika. Nikasema arudi, atazame. Nikawaambia lilianza dogo kama kokwa ya zambarau, haliumi, mtu anaweza kulima nalo. Wakainamisha vichwa. Asubuhi yake Ernesta, yule binti wa Simeoni aliyeolewa juzi, alikwenda bondeni na mama yake. Sijui ana nini, hakusema. Amekwenda, basi.

Nne, kitabu chako. Kweli unamwachia mgonjwa kitabu, tena asiyejua kusoma? Nilikikuta nyuma ya magunia, umekisukuma kama mtu anayeficha mfupa. Honorata amenifunulia, nikatazama picha. Nimeuona moyo. Una vyumba vinne kweli. Simeoni alikuja kunijulia hali, nikamwonyesha, akaomba radhi kwa moyo na kwa maji pia.

Kitabu kinarudi kwako, kitafungwa kwenye kanga yangu ile ya bluu. Utakaa benchi moja na hao watoto. Wakicheka, cheka. Ukikosa, rudia. Utapeleka maombi yako kabla ya mwaka kwisha, na wakikataa utapeleka mengine. Ukichoka kwa ajili ya mama yako na ukichoka kwa ajili yangu, kumbuka kuna mwanamke mahali amefunga kitambaa kifuani na anauza maharage, anacheka, hamwambii mtu.

Siku akija kwako atakataa kufungua kanga. Usimwambie wewe ni daktari, haitamsaidia. Mwambie ulinyonyeshwa na bibi yako, umwambie lilikuwa la kushoto, umwambie na lilivyokwisha. Halafu geuka utazame dirishani kidogo, umpe nafasi. Atafungua mwenyewe.

Nimechoka. Honorata ananiambia nitie kidole. Vidole vina baridi leo, nitatia kesho tukiisha kunywa uji. Andika jina langu, mwanangu, nafasi ya kidole iache.

Bibi yako,
Ruthi


21 Novemba

Kaka Tumainieli,

Nafasi ya kidole ni hiyo hapo juu. Nimeiacha kama alivyosema.

Uji niliupika, hakuunywa. Tumemzika jana kando ya Eliwaza. Pembe ilipigwa kabla ya jua kuchomoza, na Melkizedeki alivaa lile shati jeupe.

Wakati wa kukifunga kitabu, kilifunguka chenyewe mahali penye picha ya mtu aliyechorwa bila ngozi, misuli na mishipa yote nje. Sikumwona akikishika. Nadhani ni asubuhi ile ya uji, nilipokwenda kuchota maji, kwa maana sufuria ilikuwa imesogezwa karibu na kitanda. Kwenye picha hiyo, kifuani upande wa kushoto, kuna masizi. Nimepapangusa pembeni tu ili kurasa zisichafuke. Hapo penyewe sikugusa.

Honorata